Nesi aliniuliza kama tuna bunduki nyumbani, nikasema hapana

Shikamoo mama,

Nakuandikia saa nane usiku, mtoto amelala kifuani, natumia kidole kimoja. Unisamehe nikikosea maneno.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Houston, Texas. Kwetu ni Fizi, Kongo, ila nimekulia kambini Nyarugusu, kule Kigoma. Tulifika Marekani mwaka 2019. Mkubwa wangu ni wa kiume, ana miaka minne. Mdogo ni wa kike, ametimiza miezi miwili juzi tu.

Wiki iliyopita nilimpeleka kliniki kwa chanjo zake. Nesi alikuwa mama mmoja mpole, akaweka simu mezani, na mkalimani wa Kiswahili akawa anasikika kwenye spika. Maswali yalikuwa mepesi. Mtoto unamlaza chali? Ndiyo. Kiti chake cha gari kinatazama nyuma? Ndiyo. King'ora cha moshi kinafanya kazi? Ndiyo. Halafu ile sauti ya kwenye simu ikauliza, kwa utaratibu uleule, "Je, nyumbani kwenu mna bunduki?"

Mama, niliganda. Nilipokuwa na miaka minne hivi, umri alio nao mwanangu sasa, watu waliingia kwetu usiku wakauliza swali hilohilo, na mama yangu alinisukuma chini ya kitanda kabla baba hajajibu. Hata kambini, akija mtu kuuliza habari za silaha, watu wazima walinyamaza. Kwa hiyo nikasema hapana. Nikajiambia moyoni kwamba sijadanganya, maana ameuliza bunduki, na ya kwetu ni bastola.

Mume wangu ni mlinzi wa usiku kwenye maghala, ana kibali cha kubeba silaha kazini. Akirudi asubuhi anaiweka chini ya godoro, upande wake, ikiwa na risasi. Mwaka jana jirani yetu alivunjiwa mlango watu wakiwa ndani wamelala, na tangu siku hiyo mume wangu anasema bastola isiyo na risasi ni chuma tu. Kitanda cha mtoto kiko ubavuni mwa kitanda chetu.

Ningenyamaza mambo yaishe. Lakini Jumamosi mume wangu hakuwa kazini, alitoka kwenda dukani, nami nikaamua kubadilisha mashuka. Nilipoinua godoro nikakuta kigari chekundu cha mwanangu kimepangwa pembeni ya ile bastola, kama kimeegeshwa. Nilikitoa kwa vidole viwili, miguu ikinitetemeka. Mpaka leo sijamwambia mtu.

Nina maswali yananichanganya. Yule nesi anaandika majibu yetu na kuyapeleka wapi? Polisi? Uhamiaji? Mume wangu ana grinikadi, ile kadi ya ukaazi wa kudumu, na tunajiandaa kuomba uraia. Je, nirudi kliniki niseme nilidanganya? Na mume wangu nimwambieje? Akijua tu kwamba swali hilo liliulizwa, atasema nimeingiza wazungu chumbani kwetu. Tangu siku ile silali. Ukweli ni kwamba hata kabla yake nilikuwa silali, na kuna siku nalia bila kujua ninachokililia.

Mama wa wawili, Houston

*

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote tatu nimekwama kwenye kile kigari chekundu. Kwa hiyo nitaanzia hapo. Kliniki itasubiri.

Mwanao anajua bastola ilipo. Aliinua godoro kwa mkono mmoja, akakiweka kigari kwa mkono mwingine, akaondoka bila wewe kujua. Hatujui kama aliigusa. Wazazi wengi huamini kwamba wameficha vizuri. Huko Alabama, utafiti uliochapishwa mwaka 2006 uliwahoji wazazi na watoto wao wa miaka 5 hadi 14, kila mmoja peke yake. Miongoni mwa watoto ambao wazazi waliapa kuwa hawajui silaha inawekwa wapi, asilimia 39 walijua. Na usijifariji kwamba vidole vyake ni vidogo. Mwaka 1995 watafiti walipima nguvu za vidole vya watoto, wakakuta robo ya wale wa miaka mitatu na minne wanaweza kuvuta triga inayohitaji nguvu ya kama kilo nne na nusu. Bastola nyingi za siku hizi zina triga nyepesi kuliko hiyo.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni la leo, baba watoto akishaamka baada ya kazi ya usiku. Hiyo bastola isirudi chini ya godoro, wala juu ya kabati, wala kwenye mkoba. Wewe usiiguse kama hujafundishwa. Aitoe risasi mwenyewe, mlango wa chumba ukiwa umefungwa na watoto wako sebuleni na wewe. Atoe magazini, yaani kile kikasha cha risasi, kisha avute sehemu ya juu ya bastola nyuma na kutazama ndani ya chemba, kwa sababu magazini ikishatoka, risasi moja huweza kubaki humo, na hiyo moja ndiyo inayoua watu waliokuwa na uhakika kwamba bastola haina kitu. Mlinzi mwenye kibali anayajua haya, lakini aliyekesha saa kumi na mbili kwa miguu husahau anachokijua.

Baada ya hapo kuna kufuli la waya. Ni waya mnene uliovikwa plastiki, unapitishwa ndani ya bastola iliyo wazi na kufungwa kwa kufuli, hivyo haiwezi kujifunga wala kupokea magazini. Hutolewa bure kwenye idara nyingi za polisi kupitia mpango uitwao Project ChildSafe, na baadhi ya kliniki za watoto wanalo kwenye droo. Risasi ziwekwe kwenye kasha jingine lenye kufuli lake. Ufunguo usitundikwe ukutani, akae nao mwilini.

Atakuambia, "Na mwizi akija, nimwombe asubiri nitafute ufunguo?" Ana haki ya kuuliza, na usimcheke, kwa sababu mlango wa jirani ulivunjwa kweli. Mwambie kuna visanduku vidogo vya chuma vinavyofunguka kwa namba au kwa alama ya kidole, hufungwa kwa bolti kwenye fremu ya kitanda, na mtu aliyezoea hufungua kwa sekunde chache hata gizani. Madaktari wa watoto wangependa bastola ikae bila risasi kabisa, na mimi niko upande wao. Lakini kama leo hamtakubaliana isipokuwa kwenye kisanduku, chukua kisanduku. Kisanduku na godoro haviwezi kulinganishwa hata kidogo.

Sasa tuje kwa nesi.

Mwanangu, mimi nimekaa miaka mingi upande wa pili wa meza ile, nikiuliza maswali yaleyale. Chama cha madaktari wa watoto wa Marekani, American Academy of Pediatrics, kimekuwa kikiwahimiza madaktari kuzungumza na wazazi kuhusu silaha tangu mwaka 1992. Utakumbuka swali hilo liliulizwa baada ya kiti cha gari na king'ora cha moshi. Hapo ndipo mahali pake, kwenye orodha ya vitu vya nyumbani vinavyoua watoto. Mwaka 2020 risasi ziliua watoto na vijana zaidi ya 4,300 wa mwaka 1 hadi 19 nchini humu, zikazipita ajali za magari na kushika nafasi ya kwanza. Wengi wao walikuwa vijana wakubwa, waliouawa na wenzao au waliojiua, nami sitaki kukuficha hilo. Lakini wadogo wamo. Shirika la serikali la kudhibiti magonjwa, CDC, liliwahi kupitia vifo 1,262 vya watoto vya risasi zilizofyatuka bila kukusudiwa, kati ya 2003 na 2021, katika majimbo yaliyokuwa yakitoa taarifa hizo. Zaidi ya robo ya watoto hao walikuwa na miaka mitano au chini. Pale ilipojulikana silaha ilikuwa imewekwaje, karibu robo tatu zilikuwa na risasi na hazikuwa zimefungwa, na mahali palipotajwa kuliko pengine pote ni pale watu wanapolala: meza ya kitandani, chini ya mto, chini ya godoro.

Nesi hakuwa anamtafuta mumeo. Alikuwa anakitafuta kigari chako kabla hakijawekwa pale.

Na usidhani ni wewe mgeni tu uliyeshtuka. Wenyeji wenyewe wamepelekana mahakamani kwa swali hilo. Mwaka 2011 jimbo la Florida lilipitisha sheria ya kuwazuia madaktari wasiulize kama hawana sababu ya kitabibu ya mgonjwa huyo, na daktari angeweza kuadhibiwa kwenye leseni yake. Madaktari wakashtaki. Ilichukua miaka, mpaka Februari 2017 mahakama ya rufaa ya shirikisho iliyoko Atlanta ikasema daktari ana haki ya kuzungumza na mgonjwa wake, ikazifuta sehemu kubwa za sheria hiyo. Kwa hiyo leo wanaruhusiwa kuuliza. Wewe nawe unaruhusiwa kusema, "Sipendi kulijibu hilo," na mtoto atapata chanjo zake kama kawaida. Ungeweza kusema hivyo siku ile, ila hakuna aliyekufundisha.

Hofu zako nitazijibu kadiri ninavyojua. Unachomwambia nesi huingia kwenye faili la mtoto, na faili hilo linalindwa na sheria ya faragha ya afya ya mwaka 1996. Yule mkalimani kwenye simu naye hafungui mdomo nje. Najua katika jamii yetu ndogo mtu huogopa kwamba sauti ile ni ya jirani wa kanisani, ila kazi yake inamfunga kama inavyomfunga nesi. Kuwa na bastola kihalali si kosa, na kliniki haina mtu wa kumripotia kwamba mnayo. Wanachotakiwa kuripoti ni mtoto anayeumizwa au asiyetunzwa, na mama anayesema "tunayo, tusaidieni kuifunga" anamtunza mtoto wake. Bima nayo haiwezi kupandisha bei kwa sababu mna silaha. Sheria ya afya ya mwaka 2010 inakataza. Wala hakuna daftari la taifa la wenye silaha ambalo jina lenu litaingizwa, maana sheria ya mwaka 1986 inaizuia serikali kuu kutengeneza daftari hilo.

Uhamiaji ndiko ninakotaka uwe macho, lakini kwa sababu nyingine kabisa. Mwenye grinikadi anaruhusiwa na sheria ya shirikisho kumiliki silaha. Asiye na makaratasi haruhusiwi, na wengi wa wenye viza za muda, kama za masomo, hawaruhusiwi. Nyumba zetu haziishiwi wageni. Kama kuna binamu wa viza ya masomo amelala kwenye kochi lenu, asiishike hiyo bastola hata kwa kuisogeza tu. Halafu kuna sheria ya Texas yenyewe: mtoto wa chini ya miaka 17 akiifikia silaha iliyo tayari kufyatuka kwa sababu mzazi amezembea, mzazi ana kosa. Mwanzo wake ni faini isiyozidi dola 500. Mtoto akifyatua na mtu akafa au akaumia vibaya, ni kifungo cha hadi mwaka mmoja. Na mwenye grinikadi akipatikana na hatia ya kosa la silaha, hata ukaazi wake unaweza kuingia mashakani, sembuse uraia. Hapo ni kwa wakili wa uhamiaji, si kwangu. Ninachotaka baba watoto akione ni kwamba kinachoweza kuuharibu uraia ni godoro. Kliniki haiwezi.

Utamwambiaje? Usianze na nesi. Ukianza na nesi mtagombana juu ya wazungu mpaka jioni na bastola itabaki palepale. Mwache alale kwanza ashibe usingizi; mtu aliyetoka shifti ya usiku hasikii kitu. Akishaamka na kula, kaa karibu naye, mpe kile kigari mkononi, mwambie ulipokikuta. Kisha unyamaze. Usijaze ukimya ule kwa maneno. Naye ametoka kwenye vita ileile, naye alikuwa mtoto, na huenda anaishika bastola kwa sababu ileile iliyokufanya wewe useme hapana. Akishasema neno lake la kwanza, ndipo umwombe kisanduku au kufuli. Usimwombe aache kazi, wala usimwambie amekosea kuwalinda. Habari ya kliniki mwambie kesho yake, kwa ufupi: wanauliza kila mzazi, na wanatoa kufuli bure.

Hukuandika popote kwamba anakutisha au anakupiga, nami siongezi neno kwenye ndoa yako. Ila nina wasomaji wengine. Nchini Marekani, kuuawa ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo vya wanawake wajawazito na waliojifungua karibuni, na mara nyingi ni kwa risasi. Ndiyo maana nesi wakati mwingine humwomba mume asubiri nje. Dada unayesoma haya na moyo umekushtuka, siku hiyo usikubali mumeo awe ndiye mkalimani wako. Omba wa simu; ni haki yako na hulipii.

Sasa nizungumze na wewe. Umeandika sentensi ya mwisho kama vile unafunga mlango taratibu ili nisisikie. Hupati usingizi hata mtoto akilala, na unalia bila kujua unachokililia. Mtoto ana miezi miwili. Hii inaitwa huzuni ya baada ya kujifungua, au yaweza kuwa hiyo, na si wazimu, si laana, wala si kukosa shukrani kwa Mungu. Inatibika. Kliniki walipokupa karatasi ya maswali kuhusu hali yako, kama walikupa, huenda ulizungushia "sijambo" kote, kama tunavyofanya sote. Safari ijayo jibu ukweli. Kuna namba ya akina mama, 1-833-852-6262, iko wazi usiku na mchana kwa simu au ujumbe, bure. Ukipiga, taja neno "Swahili" watafute mkalimani. Na ikija fikra ya kujidhuru, hata ya kupita tu, piga 988 saa hiyohiyo.

Sisemi kwamba umefika huko. Lakini nitakuambia kwa nini hili nalo linaniuma kuhusu bastola. Anayejaribu kujiua kwa vidonge mara nyingi hupona, na wengi wa waliopona hawarudii. Anayejaribu kwa risasi, karibu tisa katika kila kumi hufa. Fikra ile huja ikapita, wakati mwingine ndani ya dakika chache, na dakika hizo ndizo za kuwa mbali na silaha. Kwa hiyo hesabu za kufungulia kisanduku, mwanangu, mpaka utakapokuwa sawa, abaki nazo mumeo peke yake. Na ukiona giza linazidi, bastola itoke nyumbani kabisa kwa muda. Baadhi ya maduka ya silaha hupokea na kuhifadhi kwa ada. Aulize yeye, wenye kazi kama yake wanajua pa kuuliza.

Kuhusu kurudi kliniki, usiende kuungama. Subiri miadi ya miezi minne, au piga simu kama kufuli limekosekana polisi. Ukifika, sema hivi: "Safari ile niliogopa. Tunayo bastola, ya kazi ya mume wangu. Naomba kufuli." Basi. Hakuna nesi mzuri atakayekuuliza kwa nini ulisema hapana. Nimesikia hapana nyingi za namna hiyo, na nilifurahi kila moja iliporudi. Na mkalimani akitamka tena "bunduki", mwambie aseme silaha yoyote ya risasi, ndogo au kubwa. Mama mwingine atakayefuata naye anaweza kuwa na bastola tu.

Mkimaliza hayo, utakuwa na swali lako la kuwauliza wengine. Kabla mwanao hajaenda kulala kwa shangazi yake au kucheza kwa rafiki, piga simu: "Dada, mna silaha hapo? Imefungwa?" Utaona aibu mara ya kwanza. Uliza pamoja na habari za mbwa na bwawa la kuogelea, litapita.

Na kigari mrudishie mwenyewe. Kaa naye chini kwenye zulia, muulize alikiegesha lini pale na nini kingine alikiona. Usimkaripie, usimwapize, usimchape, kwa sababu unataka akuambie yote leo na akuambie tena siku nyingine. Mfundishe maneno matatu: usiguse, ondoka, niite. Yarudieni mara nyingi, lakini usiyategemee. Watoto waliofundishwa hayo vizuri kabisa wameonekana wakiishika silaha pale walipoachwa nayo peke yao. Kufuli kwanza, maneno baadaye. Akishakuambia, niandikie alisema nini.